Kanga watatu: shajara ya kartoni ya kwanza

Jumamosi, 6 Septemba

Kartoni imefika kutoka Nairobi kwa basi la usiku. Vikombe 36 vyeupe vya mililita 325, vile ambavyo wateja wangu wanaviita magi. Vitatu vimekatika mikono. Muuzaji nikimpigia, vilitoka kwake vizima. Wa basi nikimuuliza, mzigo aliupokea hivyo hivyo. Basi, nimebaki na 33, na hasara nimeiandika kabla sijawasha presi, mashine ya joto ninayochapia picha kwenye vikombe.

Hapa dukani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kazi ya vikombe ni majina na sura. Bwana na bibi harusi, mtoto aliyehitimu, mama mkwe anayeenda Umra. Ni kazi ya haraka na ndiyo inayolipa kodi. Lakini kila nikikaa sebuleni kwangu naitazama picha niliyonunua kwa Ami mwaka juzi, kanga mmoja mweusi kwenye ardhi ya rangi ya chungwa, na najiuliza kwa nini watu wanywe chai juu ya sura ya bwana harusi na wasinywe juu ya huyu. (Kanga ndege. Nguo kwetu ni leso.)

Ami si ndugu wa baba yangu. Ni mzee wa mtaa na sote twamwita hivyo. Ujanani alikaa Dar es Salaam akijifunza uchoraji wa tingatinga kwa mafundi wa huko, akarudi Mombasa na mtindo wake. Ukimkuta barazani atakupa habari za Edward Saidi Tingatinga mwenyewe kama aliyekula naye: mtu wa Tunduru, mzaliwa wa 1932, akapita Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akaishia Dar, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vibao. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Alichora miaka michache mno, lakini leo jina lake ni jina la picha zenyewe, na wengi wanaozinunua hawajui kuwa palikuwa na mtu anayeitwa hivyo.

Tingatinga niliiona kama imeumbwa kwa printa: rangi zilizoshiba, mistari mikali, hakuna vivuli vya kusumbua. Nilidhani itakuwa mteremko.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeitungua picha ukutani na kuipiga kwa simu. Rangi ya mafuta inang'aa kama kioo, kwa hiyo kwenye tumbo la kanga pametokea dirisha langu, nondo zake na pazia lake. Nimeihamishia nyuma ya duka, kivulini, bila mwanga wa simu. Sasa kanga peke yake.

Tatizo la pili ni umbo. Picha ya Ami ni mraba, futi mbili kwa mbili. Kikombe kinataka utepe: mzunguko wake ni karibu sentimita 26, ukitoa mahali pa mkono unabaki na sentimita 20 na nusu kwa 9. Mraba hauingii kwenye utepe. Nikiujaza upana, kanga anakatwa kichwa au miguu. Nimefanya wanavyofanya wachapaji wote: nimeipunguza picha mpaka sentimita 9 kwa 9, nikaiweka mara mbili, moja kila upande.

Kwa asiyeijua kazi hii, wino wetu si wa kawaida. Unachapa picha kinyume kwenye karatasi, inaonekana imefifia, mtu angesema printa imeishiwa. Karatasi unaizungushia kikombe, unaifunga kwa selotepu ya joto, unatia kwenye presi. Kwenye nyuzi 180 na kitu, wino unageuka mvuke bila kupitia kuwa maji, unazama kwenye utando wa plastiki uliopakwa juu ya kauri, na ukipoa umefungiwa humo. Kikombe kisicho na utando huo hakishiki kitu.

Cha kwanza nimekipika nyuzi 200. Nyeusi ya kanga imekuwa kahawia, kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Cha pili, nyuzi 185 kwa sekunde 170, kimetoka kama nilivyotaka. Nimekiweka dirishani, nimekipiga picha, nimewatumia dada zangu. Wamesema kizuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempelekea Ami baada ya Alasiri. Alikuwa na finjani ya kahawa tungu mkononi. Amekipokea kikombe, amechungulia ndani.

"Hiki ni kikombe ama ndoo?"

Kisha amekizungusha. Kanga, pengo, kanga yule yule, pengo, mkono. Amekizungusha tena.

"Mbona umemtia kizuizini, mwanangu? Mara mbili?"

Nimeudhika, sitaki kusema uongo. Lakini njiani kurudi nimekitazama nikaona anachosema. Ule mraba una kingo nne zinazoonekana, na nje ya kingo ni weupe mtupu. Inafanana na karatasi ya dawa iliyobandikwa kwenye chupa. Ukutani kanga yule amesimama mahali, ana ardhi chini na mbingu nyuma. Hapa hana.

Kuna jingine. Mtoto wa dada yangu anasomea sheria, na usiku ameniuliza kama nina ruhusa. Nikamwambia picha ni yangu, nimeinunua. Akanicheka kwa adabu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, nilichonunua ni ubao na rangi iliyo juu yake. Haki ya kuinakili imebaki kwa Ami, itakaa naye maisha yake yote na miaka 50 baadaye, na haimtoki mpaka kwa maandishi. Vile vikombe viwili, kwa hiyo, nimevichapa kwa wizi. Kimoja nakitumia kuwekea kalamu, kingine amekichukua dada.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumekubaliana. Shilingi 120 kwa kila kikombe kitakachouzwa, na jina lake lionekane. Nimeandika ukurasa mmoja. Ami amesema karatasi ya nini baina ya watu wanaojuana, akasaini hata hivyo, kwa brashi.

Ameomba kikombe kimoja kitupu "nikione". Nimempa.

Alhamisi, 18 Septemba

Kikombe kimerudi kimechorwa, kwa brashi na rangi zake zile zile za kopo.

Naomba nikieleze taratibu kwa sababu ndicho kilichogeuza kazi nzima. Hakina mbele wala nyuma. Kanga wa kwanza anatoka pembeni mwa mkono wa kikombe, anakimbia, shingo imenyooka mbele. Wa pili ameinama anadonoa, na mgongo wake umeinuka mpaka karibu na mdomo wa kikombe. Wa tatu, kabla hujafika tena kwenye mkono, amegeuza kichwa anatazama alikotoka. Ardhi ni mstari mmoja wa udongo mwekundu unaopanda na kushuka kuzunguka kikombe chote. Ukikishika hivi unaona kanga mmoja na mkia wa mwingine. Lazima ukizungushe, na ukikizungusha wanakimbia kweli.

Mimi nilikuwa nikitafuta picha ya kubandika juu ya kikombe. Yeye amekaa na kikombe mkononi, naona hata mara moja hakufikiria mraba.

Nikatia chai. Ndani hamkuwa na rangi, kwa hiyo sikuogopa sana, lakini moto ulipopanda ile rangi ikaanza kunuka petroli, na nikipeleka mdomoni pua inafika kabla. Kesho yake nikakiosha kama mama anavyoosha, kwa makumbi na majivu. Shingo ya kanga wa kwanza imeondoka na makumbi.

Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa akitunywesha kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, ukanywa. Pale maandishi yalitakiwa yatoke. Nimemwambia Ami hivyo, amecheka mpaka akakohoa, kisha akasema rangi ya baiskeli haimponyi mtu.

Jumapili, 21 Septemba

Tumekwenda Ngomeni, kwenye makumbusho ya Fort Jesus. Ami ndiye aliyetaka. Nimepita pale tangu nikiwa shule ya msingi na sijawahi kusimama mbele ya vyombo zaidi ya dakika moja. Leo tumesimama saa nzima.

Kuna vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 chini ya ngome wakati Waomani wameizingira, ikaja kuchunguzwa na wapiga mbizi kuanzia 1977. Na kuna kauri za Kichina zilizookotwa pwani hii, bluu na nyeupe, za aina ile iliyokuwa ikipachikwa kwenye makaburi na kuta za nyumba za mawe. Mimi nimetazama rangi. Ile bluu ilichorwa kwanza, vernishi ya kioo ikaja juu yake, vikachomwa pamoja, ndiyo maana hakuna makumbi yanayoifikia. Yangu imezama kwenye plastiki nyembamba kuliko ukucha.

Ami hakutazama rangi. Ameinama kwenye kioo, anafuata kwa kidole shina la ua lililozunguka bakuli.

"Tazama. Hapana mahali alipoanzia."

Mlinzi amemwomba asiguse kioo.

Jumatano, 1 Oktoba

Ami amemaliza kuchora ubao mpya wa kuchapia vikombe. Nimeulipia shilingi 6,000 mbali na zile za kila kikombe, kwa sababu ni kazi mpya aliyoifanya kwa ajili yangu. Ni utepe, sentimita 61 kwa 27, karibu mara tatu ya kipimo cha kikombe. Kanga ni wale wale watatu. Nimemwomba mambo mawili tu: mistari myembamba asiizidishe, maana ikipunguzwa mara tatu itapotea, na ncha mbili za ubao zilingane ardhi na mbingu ili macho yavuke mkono wa kikombe bila kujikwaa. Saini alitaka kuiweka chini kulia kama kawaida yake, nikamwonyesha kuwa hapo itajificha kwenye mkono. Ameihamishia chini ya mguu wa kanga wa pili, katikati kabisa.

Nimeupiga picha saa moja asubuhi barazani kwake, jua halijafika, na karatasi nyeupe kando ya ubao ili nijue nyeupe ni ipi.

Sasa madoa. Printa yangu haina wino mweupe. Nyeupe ya kikombe ni kikombe chenyewe, yaani mahali ambapo hapakupigwa wino. Madoa ya kanga Ami ameyatia kwa nyeupe ya kopo, ambayo kwenye picha inatoka na umanjano kidogo, na umanjano huo printa inauchapa. Nimekaa kwenye kompyuta nikiyasafisha moja moja. Nilihesabu hadi 200 nikaacha kuhesabu. Saa nne za usiku mume wangu amekuja dukani kuuliza kama nimehama.

Alhamisi, 2 Oktoba

Ami ameona kwenye kompyuta. Hajapenda.

"Umewafulia."

Anasema kweli. Madoa yote yamekuwa meupe sawasawa na kanga amekuwa kama kitambaa. Kwenye ubao kila doa ni mguso mmoja wa ncha ya brashi: jingine limeshiba, jingine limekaukia njiani. Nimeyarudisha ya tumboni na ya chini ya bawa kama yalivyokuwa, na meupe kabisa nimeyaacha ya mgongoni tu, panapopigwa na jua. Sasa ndege ana mwili.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku mbaya. Nimeharibu sita.

Mvua imenyesha tangu Jumamosi, na karatasi nilikuwa nimeziacha mezani. Kikombe cha kwanza kimetoka na madoa yaliyovimba, kila moja lina ukungu wa kijivu pembeni. Nikadhani ni muda, nikapunguza sekunde. Cha pili vile vile. Nikadhani ni mkazo wa presi, nikaulegeza, cha tatu kikafifia upande mmoja. Kufika cha nne ndipo nilipoishika karatasi vizuri, nikahisi ubaridi wake. Unyevu. Ukiingia kwenye presi unakuwa mvuke na unausukuma wino kwenda usikotakiwa. Kwa jina la bwana harusi hutaona. Kwa doa jeupe la milimita moja katikati ya nyeusi, linaziba.

Viwili vya mwisho havina ukungu lakini vina vitundu vyeupe kama vimedonolewa na sindano. Hapo kosa ni la utando: vumbi liliingia kiwandani kabla haujakauka. Hakuna la kufanya ila kuvikagua kabla, ukivigeuza kwenye mwanga, na mimi sikukagua.

Nimebaki na vikombe 24 na roho nzito.

Ijumaa, 10 Oktoba

Karatasi zimehamia kwenye bati la biskuti pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Jirani muuza viatu amenipa mfuko mzima, akaniuliza mara tatu kama navila.

Kikombe nakipasha kitupu kwenye presi kama nusu dakika kabla ya kukivisha karatasi. Kimoja cha majaribio kimetoka safi. Stima ikakatika.

Jumamosi, 18 Oktoba

Vyote 23 vilivyobaki vimechapwa leo, kuanzia baada ya Alfajiri kabla joto la duka halijapanda. Nyuzi 185, sekunde 170, dakika kumi kwa kimoja nikihesabu kukivisha na kukivua. Chungwa la Ami halikuja lote. Lile lake linawaka, langu limetulia kidogo. Nimejaribu kulisukuma kwenye kompyuta likaanza kuwa jekundu, nikaliacha. Nyeusi ni nyeusi.

Kijana anayenisaidia alitaka kuharakisha, akakitumbukiza kimoja cha moto kwenye ndoo ya maji. Kililia "ta!" kikapasuka kuanzia mdomoni hadi chini. Hakusema kitu, nami sikusema. Vimebaki 23 pamoja na kile cha majaribio.

Cha majaribio chenyewe nimekipeleka kwa mama. Siku nane amekiosha kila siku kwa makumbi na majivu, kama alivyoagizwa na kama ambavyo angefanya hata asipoagizwa. Kanga wote watatu wazima. Kung'aa kumepungua kidogo mahali vidole vinaposhika. Kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi nimeandika: oshea kitambaa laini. Mama amesoma, amesema hicho kikombe cha kuoshwa na kitambaa laini si kikombe. Hata hivyo amekirudisha, nimekiosha tena, kimeingia kwenye hesabu. Kitakuwa kimoja cha Ami. Yeye hatajali kimepigwa na majivu.

Jumanne, 28 Oktoba

Vimekwisha. Viwili ni vya Ami, 21 vimeuzwa kwa shilingi 750, vingi vikiwa kwa watu wa hapa hapa Mji wa Kale, sivyo nilivyotarajia. Watalii wanauliza kama kuna tembo.

Hesabu nimeifanya mara mbili. Vikombe 36 kwa 180, shilingi 6,480. Ubao 6,000. Fungu la Ami 2,520. Wino, karatasi na boksi 945. Jumla 15,945. Nimeingiza 15,750. Hasara shilingi 195, na stima sijaitia. Lakini ubao umeshalipwa, na kartoni ya pili ikija na mikono yake yote nitakuwa na la kumwambia mume wangu.

Jambo moja sikulifikiria: anayeshika kwa mkono wa kulia anamwona kanga wa tatu, yule aliyegeuka nyuma, na aliyekaa mbele yake anamwona wa kwanza anayekimbia. Binti yangu anashika kwa kushoto. Kwake ni kinyume, na ameshikilia kuwa vikombe ni vya aina mbili. Nimeshindwa kumshawishi, na mteja mmoja aliyemsikia amenunua viwili.

Ami nimempelekea bahasha yake leo jioni. Amehesabu, amefungua sanduku la rangi, amenituma nyeupe, kopo dogo. Safari hii anataka pweza, na mnyiri mmoja upite chini ya mkono wa kikombe utokee upande wa pili. Nimemwambia presi haifiki hapo. Amesema hayo ya presi nijue mwenyewe.